Kanda ya Chai Kavu

Nasimu mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi juu ya mihogo ya nazi, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda Chumbageni kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua, hatakuachia kabla ya magharibi. Nimefunga mlango wa mbele, nimemwambia baba yako asiniite kwa lolote, na nimekaa kwenye meza ya cherehani na kalamu yako ya bluu. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako ndani ya begi. Uisome leo kabla ya kulala, usiiache mpaka uwe ndani ya basi. Nataka uisome ukiwa bado na nafasi ya kuniuliza, na nafasi ya kusema huendi.

Habari za kula na kulala sikuandikii. Unajua kupika, unajua kufua, na ulimi wako unatosha kuwazuia wajinga. Nina jambo moja tu. Mtu unayekwenda kufanya kazi kwake kesho, Bwana Sefu mwenye studio, mimi nilimdhulumu. Aliuhama mji huu kwa jina la mwizi, na mwizi hakuwa yeye.

Unaikumbuka siku ulipoletewa barua yake? Uliruka ukumbini hadi bibi wa jirani akachungulia dirishani. Uliniambia kwamba amezisikiliza zile kasida ulizowarekodi wasichana wa madrasa, kwamba amesema una sikio, kwamba anakutaka. Kisha ukaniuliza, "Mama, wamjua? Yasemekana ni mtu wa hapa hapa Ngamiani." Nikakujibu, "Namjua kwa jina." Halafu nikaingia jikoni kukoroga mboga niliyokuwa nimeshaiepua. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho katika habari hii. Sasa nikupeleke kwenye ule wa kwanza.

Nana yako, baba yangu mimi, hukumjua sana, ulikuwa mdogo alipofariki. Alikuwa na duka la redio Barabara ya Kumi na Mbili. Mbele alitengeneza redio na pasi, nyuma kulikuwa na chumba cha kurekodi kanda. Watu wa leo wakisikia "kurekodi" wanafikiri vioo na mitambo. Sisi tulikuwa na mashine mbili za kaseti zilizounganishwa kwa waya, maikrofoni mbili, na magodoro ya sufi tuliyoyaegemeza ukutani ili honi za barabarani zisiingie. Nana alichongesha muhuri wa mpira ulioandikwa "Sauti ya Kumi na Mbili", na kila kanda iliyotoka kwetu ilipigwa muhuri huo. Hiyo ndiyo ilikuwa kampuni yetu nzima: muhuri, magodoro, Nana na mimi.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya kukuzaa wewe. Baba yako alikuwa Muheza kwenye machungwa, anakuja Ijumaa anaondoka Jumapili. Ulikuwa na miezi saba. Mashine za kaseti nilizijua tangu utotoni, na kwa kuwa macho ya Nana yalikuwa yameanza kuchoka, chumba cha nyuma kikawa changu. Watu walinipa cheo: fundi wa kanda. Nilikuwa na miaka ishirini, na cheo hicho kilinipanda kichwani kuliko ninavyoweza kukueleza.

Ilikuwa miaka ya foleni. Foleni ya unga, foleni ya sabuni, foleni ambayo watu walijipanga kwanza ndipo wakauliza kinachouzwa ni nini. Kanda tupu hazikuwapo. Mteja aliyetaka nyimbo alikuja na kanda yake ya zamani, ukafuta yaliyomo ukamtilia mapya. Nimefuta masomo ya Kiingereza, hotuba za harusi, hata mtu na mkewe wakigombana, sijui walirekodi kwa nini. Unajua vile vijino viwili mgongoni mwa kaseti, ukivivunja haifutiki tena? Hakuna aliyevivunja. Kuvunja vijino ilikuwa kama kutoboa sufuria yako mwenyewe.

Katika miaka hiyo wakatokea Chai Kavu.

Tanga ilikuwa na makundi yake ya taarabu, makubwa, yenye wapenzi wake na ugomvi wake. Chai Kavu walitoka humo wakiwa vijana wanne, wamechoka. Walikuwa na gitaa, besi, ngoma moja na sauti. Hakuna kinanda, hakuna fidla, hakuna maneno ya waridi na asali. Kiongozi alikuwa Kombo wa gitaa, mrefu, mkali, hacheki. Mwimbaji alikuwa Riziki, aliyesimama mikono nyuma kama mwanafunzi anayesubiri adhabu, na alikataa kutunzwa. Unajua kwetu taarabu bila kutunza ni nini? Mwanamke anainuka na noti yake, anakwenda kwa madaha hadi mbele, na mwimbaji anamtazama tu, hapokei! Siku ya kwanza akina mama waliona wametukanwa, nusu ya ukumbi wakatoka. Siku ya tatu ukumbi ulijaa vijana waliokuja kuona mtu anayekataa tunzo.

Na besi ilikuwa ya Sefu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye shati moja zuri. Kamba za besi zilikuwa haziuzwi popote, basi yeye alipiga kwa kamba tatu, ya nne alifunga waya wa breki ya baiskeli. Ule waya ulikuwa na mngurumo wake. Kombo aliuchukia, mimi niliupenda. Nilimwambia Sefu asiubadilishe hata akipata kamba halisi, akasema, "Dada, wewe peke yako ndiwe mwenye masikio mji mzima." Maneno kama hayo nayo yalinipanda kichwani.

Nyimbo zao zilikuwa za mambo tuliyokuwa nayo. Mmoja ulikuwa na kiitikio hiki:

Nimekwenda kwa sabuni, nimerudi na habari,
Nguo yangu ya Ijumaa, yanuka tangu Jumatatu.

Ni maneno tu, hayamtukani mtu. Lakini kwa wakati ule yalitosha kumfanya mtu mzima aangalie nyuma kabla ya kuitikia. Kupeleka nyimbo kama hizo redioni hakukuwa na maana, na hapakuwa na mahali pengine pa kurekodi. Palikuwa na chumba chetu cha nyuma. Nana alizisikiliza akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa, akasema, "Beta, mwanangu, hawa wana njaa ya kweli. Warekodi."

Kanda alizileta Sefu. Alivuka mpaka wa Horohoro hadi Mombasa akarudi na kanda ishirini na moja tupu, mpya, ndani ya gunia la viazi. Alijua njia, na Mombasa alikuwa amempata mwenye duka la muziki aliyesema akiletewa kanda nzuri ataitoa na kuisambaza pwani yote. Kanda moja ikawa ya mama, yaani ile ya asili inayozaa nakala. Ishirini zilibaki kwenye boksi zingoje kurudufiwa. Tulirekodi Jumapili nne mfululizo, umeme ukiwapo. Ngoma tuliipeleka uani kwa sababu ilimeza kila kitu, na wewe ulilala juu ya godoro la ziada pembeni. Wimbo wa mwisho ulipokuwa unakaribia kumalizika uliamka ukalia. Nilitaka tuurudie, Riziki akakataa. Alisema mtoto ameingia mahali pake.

Kombo, ambaye hakuwa na tabia ya kusifu, aliniambia kabla kanda haijaenda Mombasa atatamka mwishoni majina ya wote walioshiriki, na langu litakuwamo. Nililala nikiliwaza. Jina langu, kwa sauti, pwani yote.

Juma hilo hilo ulianza msako wa walanguzi. Wewe umezaliwa juzi, huwezi kujua ile hofu. Wakaguzi walipita duka kwa duka wakitafuta bidhaa zilizofichwa, na mwenye duka wa kabila letu, sisi Wahindi, hakuwa na haja ya kuficha kitu ili aogope. Sukari ikikutwa nyingi ni ulanguzi, betri zikikutwa nyingi ni ulanguzi. Watu walitupa vitu baharini. Jirani yetu alikula biskuti za duka zima na familia yake usiku na mchana, hadi watoto wakaumwa na matumbo. Tunacheka sasa. Na sisi tulikuwa na boksi la kanda mpya kutoka ng'ambo ya mpaka.

Nana akawaza, akaja na akili ambayo hadi leo naiona ilikuwa ya ajabu. Kanda tupu ni bidhaa, alisema, lakini kanda iliyorekodiwa kisomo ni kitu cha mtu cha nyumbani. Hakuna mkaguzi wa Tanga atakayemwita mlanguzi mtu mwenye Yasini. Akatawadha, akakaa mbele ya maikrofoni, akasoma Yasini yote. Alikuwa na sauti nzuri, baba yangu, nzuri kuliko mahali alipokuwa akiitumia. Akaniambia, "Nakili kwenye zote, upande mmoja yatosha. Na karatasi zote zenye maandishi zitoke, choma. Mashairi ya wale vijana yasionekane humu."

Nikafanya. Nilitoa kila karatasi kwenye kila kasha nikaitia motoni, pamoja na kijikaratasi kilichoandikwa "Chai Kavu" kwa mkono wangu mwenyewe. Kanda ya mama nilikuwa nimeiweka juu ya boksi ili nikaifiche ndani ya pipa la mchele. Ukalia. Nikakunyonyesha. Niliporudi nilizikuta kanda zote zimefanana bila karatasi zao, ya mama nikaisahau, nikaendelea na kazi, moja baada ya nyingine, kwa haraka, jasho likinitoka. Nilifurahi hata kwamba nafanya haraka.

Wakaguzi walikuja kesho yake, watu watatu. Mmoja alifungua boksi, akachukua kanda moja, akasema iwekwe kwenye mashine. Sauti ya Nana ikajaa duka. Wale watu wakasimama. Mkubwa wao akavua kofia. Hakuna aliyethubutu kuzima aya katikati, basi wakabaki wamesimama hivyo kwa muda mrefu, mikono mbele, hadi mmoja akanong'ona, "Mzee, shikamoo, sisi tuendelee na kazi." Wakatoka taratibu kama wanaotoka msikitini. Nana alicheka hadi akakaa chini.

Siku ya tatu nikaanza kuitafuta kanda ya mama. Haikuwa ndani ya mchele. Nikazisikiliza zote, moja moja. Ya kumi na nne ilikuwa na kisomo cha Nana upande wa kwanza kama nyingine. Nikaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na besi ya Sefu, na waya wa breki, na Riziki, na mwishoni wewe unalia.

Nyimbo nne zilikuwa zimefutika. Nne zilikuwa zimebaki.

Nasimu, nataka unielewe hapa, maana nisingependa unihurumie mahali pasipostahili. Kufuta lilikuwa kosa. Mtu yeyote angeweza kulifanya, na ningewaambia siku ile, wangepiga kelele, Kombo angenitukana, na baada ya juma tungezirudia zile nne na magodoro yetu. Ningekuwa fundi aliyekosea. Lakini mimi nilikuwa fundi asiyekosea, na nilikuwa nasubiri jina langu litamkwe. Nikaifunga ile kanda ndani ya leso nikaitia kwenye droo ya cherehani. Nilijiambia nitafikiri la kufanya kesho. Nikiitoa ile nusu iliyobaki, nitaumbuka kwa nusu iliyopotea, basi nikazizika zote mbili.

Kombo alikuja Jumamosi. "Kanda i wapi?" Nikasema siioni. "Huioni vipi? Nani kaingia huko nyuma?" Na mimi nikasema, "Mtu wa mwisho kuingia alikuwa Sefu."

Ilikuwa kweli. Sefu aliingia Alhamisi kuchukua mkanda wake wa besi alioutundika mlangoni. Nilichukua neno la kweli nikalituma kazi ya uongo. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba sikusema kaiba. Mwanangu, ukisikia moyo wako unahesabu maneno uliyoyasema ili uone kama yana kosa, basi umeshakosa.

Mengine yalijiendesha. Si Sefu ndiye mjuzi wa Mombasa? Si Sefu aliyekuwa akisema Kombo anachelewesha? Wakasema kaiuza peke yake. Walimvamia kwenye baraza ya kahawa, Kombo akamvua lile shati moja zuri mbele ya watu. Hakumpiga. Alimvua shati tu, akasema, "Hili nalo umenunua kwa kanda yetu." Sefu alikuja dukani siku ile kifua wazi, akaniambia, "Dada, wewe ulikuwapo. Waambie sikuchukua." Nana alikuwa mbele na mteja. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Nikamwambia, "Sijui niseme nini, kaka." Akanitazama kidogo, akaondoka. Juma lile lile akahama Tanga, na Chai Kavu wakawa wamekwisha. Riziki aliolewa Pangani, na nilisikia hata harusini kwake hakuimba.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi niliyepita nakuambia wakati mwingine ni ndefu, tena imesawazishwa vizuri. Hakuna aliyenishuku. Watu waliendelea kuniita fundi.

Kilichokuwa kigumu ni mama yake Sefu. Bi Mwanaidi alikuwa akinunua betri za redio yake kwetu, na hakuhamia duka jingine. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza habari zako, akakubana mashavu. Siku moja alikuwa anazipapasa betri, anachagua kama zinatofautiana, akasema bila kuniangalia, "Mwanangu si mwizi." Nikamjibu, "Najua, mama." Akafurahi! Alifikiri namfariji. Baada ya hapo kila akija alinishika mkono, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee mjini aliyemwamini mwanawe. Aliishi miaka sita baada ya siku ile. Sefu alikuja kumzika, akaondoka jioni ile ile, na mimi nilikuwa upande wa wanawake nikimenya vitunguu.

Halafu mambo yakafunguka, ukaja wakati wa ruksa. Sabuni zikajaa, kanda tupu zikaja kwa makatoni na kupangwa kwenye meza za njiani kama karanga. Ungefikiri basi ndipo ningesema, maana sasa kila kitu kingeweza kurekodiwa upya. Lakini uongo uliozoeleka una starehe yake. Nilisema nangoja Kombo apoe, kisha nikasema wamenisahau, wameshakuwa watu wazima na maisha yao. Nana alipofariki nikapata sababu nzuri kuliko zote: kanda zile nyingine ishirini tulishazifuta zamani kwa kazi, na hii ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya baba yangu. Nikajiambia naihifadhi kwa ajili ya kisomo. Unaona ujanja huo? Nilimweka marehemu mlangoni alinde wizi wangu.

Sikuwahi kumwambia Nana. Hilo linaniuma kwa namna yake, lakini si la leo.

Wewe ulipokua ukaanza kuzichokonoa zile mashine mbovu za chumba cha nyuma, nilikuona na nikaogopa. Ulikuwa ukifumba macho kama Nana. Nilikukemea mara nyingi bila sababu, ukadhani sitaki binti yangu achafuke mikono kwa mafuta. Sikuwa na neno na mikono yako. Nilikuwa naona aibu kukufundisha kazi ambayo mimi niliifanyia hivyo. Nisamehe kwa hilo, hilo angalau ni lako wewe kusamehe.

Basi ikaja barua ya Sefu. Kwamba sasa ana studio Kariakoo, kwamba anatoa kanda za makundi ya vijana wasiotakiwa na wasambazaji wakubwa, hilo nililisikia siku nyingi. Sikushangaa. Kwamba amemchagua binti yangu bila kujua ni binti ya nani, hilo lilinikosesha usingizi. Ningeweza kunyamaza. Ungekwenda, ungefanya kazi, na siku moja, juu ya chai, angekusimulia jinsi alivyovuliwa shati Tanga, ukamhurumia, ukanisimulia mimi kwa simu. Nililiwaza hilo nikasema hapana. Sikuwa mwema ghafla. Nilishindwa kuvumilia kuisikia sauti yako ikinisimulia.

Wiki mbili zilizopita nilimwandikia kurasa nne. Nikaitoa kanda kwenye leso, nikaifunga pamoja na barua, nikampa kondakta wa basi la asubuhi tunayemjua, aifikishe mkononi kwake. Sikurudufu kwanza. Nilisimama mbele ya mashine na kanda tupu mkononi, nikasikiliza aya tatu za baba yangu, nikazima. Niliona nikibaki na nakala nitakuwa sijatoa kitu.

Baba yako nilimwambia juzi. Akauliza kama chai ipo. Nikamtilia. Aliponirudishia kikombe akasema, "Sasa mtoto je?" Ndilo swali nililokuwa nalo mimi pia. Nilihofu Sefu atakukataa, na nilijua akikukataa itakuwa haki yake, na wewe ndiye utakayelipia kosa lililofanyika ukiwa unanyonya.

Jana saa nne asubuhi, ulipokuwa sokoni, simu ya dukani ikalia. Nilimjua kabla hajajitaja.

"Nimeisikiliza," alisema.

Nikamwuliza, "Pande zote?"

"Zote. Mzee alikuwa na kisomo." Nilisikia mtu akijaribu ngoma nyuma yake, akamwambia anyamaze. "Mamangu ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Hata alipokuwa yuafa?"

"Hata hapo."

Sikuomba msamaha kwa simu, nilikuwa nimeshauomba kwenye kurasa nne, na kuurudia kungekuwa kumharakisha. Nilisubiri. Mwishowe akasema, taratibu, bila hasira niliyoweza kuitambua:

"Mtoto aje. Kosa si lake, na kazi yuaijua. Ntamfunza kila nijualo, sintamficha kitu. Lakini wewe usije. Hata kwa kumleta, hata kwa kumtazama. Sitaki kukuona."

Nikasema, "Ndiyo, kaka."

Akakata.

Basi hayo ndiyo unayokwenda nayo. Ukiona hutaki kuishi chini ya mtu mwenye neno na mama yako, sema leo, tiketi si kitu. Ukienda, na mimi natumaini utakwenda, kuna jambo moja nakuomba na lingine nakukataza. Nakuomba umwamini anapokusahihisha, usidhani analipiza. Nakukataza kuniombea kwake. Usimpelekee salamu zangu, usimwambie mama amezeeka, mama analia, mama anajuta. Yeye amekupokea wewe, usimdai zaidi ya hapo.

Baba yako ndiye atakayekupeleka hadi Dar. Mimi nitabaki stendi. Siku utakayomaliza kanda yako ya kwanza na wakakupigia makofi katika chumba chake, nitakuwa hapa dukani, na utanisimulia. Siku utakayoumwa huko, atakuja shangazi yako. Na ikitokea umeolewa huko huko na ukamwalika mwalimu wako, kama ipasavyo, basi mwalike yeye kwanza, mpe kiti cha mbele, wala usije kuniuliza kama naona vibaya. Nitapika kila kitu hapa Tanga siku moja kabla, nitakipakia kwenye basi, na nitakaa nyumbani.

Nimesikia mlango wa uani, nadhani ni wewe.

Mama yako